Saa Kuukuu ya Mkono: Namna ya Kuikagua Kipande kwa Kipande Kabla ya Kutoa Pesa

Saa ya kwanza niliyoinunua kwa nia ya kuihifadhi ilikuwa Seiko 5 ya uso wa bluu. Niliipata hapa Tabora mjini, kwa kijana aliyekuwa anauza saa na miwani kwenye meza ndogo. Ilikuwa inatembea, bodi (gamba lake la nje) inang'aa, nikalipa bila kubishana sana. Wiki mbili baadaye niliipeleka kwa fundi apunguze cheni. Yule mzee hakuanza na cheni. Aliigeuza, akasoma mgongo wake, akaniuliza, "Mwanangu, uliambiwa hii ni ya mwaka gani?"

Mgongoni palikuwa na namba inayoanza na 7009. Usoni paliandikwa mawe 17, yaani vile vijiwe vinavyopunguza msuguano ndani ya mashine. Alipofungua, mashine ya ndani ilikuwa 7S26 yenye mawe 21, ambayo Seiko walianza kuitoa mwaka 1996. Bodi ya zamani, mashine ya juzi, na uso uliopakwa rangi na mtu ambaye huenda hakujua hata rangi yake ya asili.

Kilichoniuma ni kwamba hakuna kipande pale ambacho hakikutoka Seiko. Vyote vilitoka, ila havikuwahi kuwa saa moja. Tangu siku ile nimeacha kuuliza "hii ni orijino au feki?" Swali langu sasa ni moja: je, vipande hivi vimezeeka pamoja? Mwongozo huu wote unazunguka swali hilo.

Tabora ni mahali pazuri pa kulijifunzia. Reli ya Kati ilifika hapa mwaka 1912, ikafika Kigoma 1914, na tawi la Mwanza likakamilika 1928. Ndiyo kusema kwa zaidi ya karne mji huu umekuwa na watu wanaoishi kwa dakika: madereva na magadi wa treni, stesheni masta, walimu wa chuo cha reli. Wengi walivaa saa nzuri, na nyingi ya saa hizo bado zimo kabatini, zimefungwa kwenye leso. Mimi hukutana zaidi na Seiko, Citizen na Orient za Japani. Mara chache Roamer, Tissot au Omega za Uswisi. Na mara mojamoja HMT ya India.

Hali nne utakazokutana nazo

Kuna feki tupu, yaani jina kubwa limeandikwa juu ya saa ambayo kampuni hiyo haikuitengeneza. Hizi ni nyepesi kuzitambua. Kuna saa halali iliyobadilishwa spea kwa spea za kampuni yake, labda kioo, ufunguo au kamani. Hiyo ni saa iliyotunzwa, usiikimbie. Kuna mseto kama ule wangu. Na kuna saa ambayo kila kitu ni chake isipokuwa uso, uliofutwa na kupakwa upya. Hizo mbili za mwisho ndizo zinazomeza pesa za watu.

Kuhusu maneno: ufunguo ni kile kitufe cha ubavuni tunachozungusha kujaza saa na kurekebisha majira. Kamani ni spring kuu inayojazwa ili iendeshe saa. Mishale ni akrabu. Masikio ni zile pembe nne zinazoshika mkanda. Na nikisema namba 6 au 12 hapa chini, namaanisha tarakimu iliyoandikwa usoni, si saa tunayoitamka. Namba 6 ni ile ya chini kabisa, ambayo kwetu ni saa kumi na mbili.

Vitu vya kubeba

Lenzi ya kukuza mara 10, tochi ndogo, kitambaa cheupe, daftari, na simu yenye kamera inayoweza kupiga picha ya karibu. Basi. Kagua mchana karibu na mlango au dirisha, siyo chini ya taa ya njano. Kama ni miezi ya kiangazi, vumbi la Tabora likipeperuka, usikubali saa ifunguliwe nje, hata muuzaji akisema ni dakika moja tu. Chembe moja ya mchanga ikiingia kwenye mashine, umeshaiumiza saa kabla hujaimiliki.

Hatua ya kwanza: msikilize aliye nayo

Kwenye familia, kaa kwanza. Salimia, pokea maji, uliza habari za mzee mwenyewe kabla ya saa yake. Kisha uliza mambo matatu: nani aliivaa, aliipata lini na wapi, na mara ya mwisho ilifunguliwa na fundi gani. Majibu yaandike.

Halafu tazama ukutani. Katika nyumba nyingi kuna picha ya baba akiwa kijana, amevaa shati jeupe, mkono umewekwa juu ya goti ili saa ionekane. Watu walipiga picha na saa zao kwa makusudi. Nimewahi kutambua kwamba ufunguo na cheni vimebadilishwa kwa kutazama picha ya harusi tu. Omba ruhusa, ipige picha hiyo kwa simu, uikuze.

Lakini hadithi si ushahidi. Mtu anaweza kukuambia kwa moyo mweupe kabisa kwamba saa ni ya mwaka 1965 kwa sababu ndivyo alivyosikia utotoni. Hadithi inakupa kitu cha kulinganisha. Saa yenyewe ndiyo itakayosema ndiyo au hapana.

Hatua ya pili: uso

Hapa tumia muda mrefu kuliko mahali pengine popote. Uso ndio unaobeba thamani ya saa kuukuu, na ndio unaoharibiwa kwa nia njema. Fundi anaona madoa, anadhani anamsaidia mteja kwa kuupeleka ukapakwe. Huko India biashara hii ni kubwa. HMT ilianza kutengeneza saa mwaka 1961 kwa msaada wa Citizen, na nchi ile ina saa nyingi mno za zamani na karakana nyingi zinazozifanya zionekane mpya. Saa za namna hiyo huuzwa dunia nzima kwa njia ya mtandao, na nyingine huingia hata kwetu.

Weka lenzi jichoni, anza na maandishi. Uchapaji wa kiwandani una kingo kali. Herufi zina unene mmoja, na mstari wa dakika unakutana na alama za saa bila kuyumba. Uso uliopakwa upya hujitaja wenyewe: wino umetanuka kidogo pembeni mwa herufi, herufi moja imenenepa kuliko mwenzake, alama za dakika hazilingani umbali, jina la kampuni limekaa kombo kwa unywele mmoja. Fungua picha za saa ya aina hiyohiyo kwenye simu yako, uweke kando, ulinganishe herufi moja baada ya nyingine. Usilinganishe rangi, maana rangi hudanganya kwenye picha. Linganisha maumbo: mkia wa herufi R, tumbo la S, mahali neno linapoanzia na kuishia.

Shuka mpaka chini ya namba 6. Pale pembeni kabisa saa za Uswisi huandikwa "Swiss" au "Swiss Made". Seiko huandika kwa herufi ndogo mno msimbo wa uso, ambao huanza na namba ya mashine iliyokusudiwa. Mpakaji wa uso mara nyingi husahau maandishi haya, huyaandika makubwa kupita kiasi, au huyaweka mahali ambapo bodi inayakata nusu. Uso wa Seiko usio na msimbo wowote chini ni sababu ya kusimama na kuuliza.

Sasa soma madai ya uso, kwa sababu utayahitaji saa ikishafunguliwa. Unasema mawe mangapi? Unasema "Automatic", yaani saa inayojijaza yenyewe ikivaliwa? Unasema "Incabloc", ile spring ndogo ya Uswisi inayokinga mhimili wa mashine saa ikianguka? Andika yote daftarini. Nimeshika saa iliyoandikwa "Automatic" usoni na ndani ilikuwa mashine ya kujaza kwa mkono. Mwenyewe aliivaa miaka mingi akidhani kamani imechoka.

Alama za saa zilizobandikwa, zile za chuma zinazosimama juu ya uso, zina vijiguu vinavyopenya kwenye matundu. Alama iliyoinama au yenye gundi inayong'aa pembeni iliwahi kutolewa. Rangi za kupendeza kupita kiasi zinatakiwa kukutia wasiwasi: uso wa machungwa mkali, bluu ya maji ya ziwa, au nusu rangi hii na nusu ile, kwenye saa ya kawaida ya ofisini.

Na madoa? Uso mweupe uliogeuka rangi ya maziwa ya chai, wenye madoadoa madogo pembeni unyevu ulikoingilia, ni uso unaosema kweli. Mimi naupenda kuliko mpya. Ukishapakwa upya, hakuna fundi duniani atakayeurudisha, kwa hiyo nawasihi wenye saa za wazazi wao: msikubali uso upakwe. Ukichukiza macho sana, vaa tu hivyohivyo.

Hatua ya tatu: dawa ya kung'aa gizani

Hapa kuna usalama wako pia. Saa nyingi za kabla ya miaka ya 1960 zilipakwa dawa yenye radiamu. Nguvu ya radiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 1,600, maana yake ile iliyopakwa enzi za babu bado ipo karibu yote. Kilichokufa ni unga uliokuwa unageuza nguvu hiyo kuwa mwanga. Saa isiyong'aa tena inaweza kuwa bado na sumu yake kamili. Ikiwa imefungwa na kioo kizima, kuishika kidogo si jambo la kutisha. Hatari ni vumbi lake kuingia puani au mdomoni. Huko Marekani, wasichana walioajiriwa kupaka nyuso za saa miaka ya 1910 na 1920 walikuwa wanachonga brashi kwa midomo, na wengi waliugua mifupa na kufa. Kwa hiyo usiparue dawa ya kahawia inayomeguka, usiipulize, usiache fundi aifungue saa hiyo kwenye meza ya chakula.

Baada ya radiamu ilikuja tritiamu, dhaifu zaidi. Saa za Uswisi zenye tritiamu huwa na herufi T chini ya uso, kama "T Swiss T" au "T<25". Nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 na kidogo, hivyo baada ya miaka 50 imebaki kama sehemu moja ya kumi na sita. Dawa salama za kisasa, zisizo na mionzi, zilienea kuanzia miaka ya 1990.

Kutokana na hayo unapata kipimo kizuri. Ingia chumba chenye giza, imulike saa kwa tochi nusu dakika, zima. Saa yenye herufi T, inayosemwa ni ya mwaka 1970, ikiendelea kuwaka kijani robo saa nzima, dawa hiyo ni ya juzi. Kisha linganisha mishale na uso: vinatakiwa kuwa na rangi moja ya uzee na kufifia pamoja. Mishale ikiwaka na uso ukabaki giza, mishale imetoka kwingine au imepakwa upya.

Hatua ya nne: mishale na kidirisha cha siku

Mshale wa dakika unatakiwa ufike kwenye mstari wa dakika. Mshale wa saa unatakiwa ukaribie alama za saa bila kuzipita. Mshale ulio mfupi unaonekana kama suruali iliyopanda juu ya vifundo vya miguu. Ukishaliona jambo hili mara moja, hutaacha kuliona tena. Tazama pia mtindo: mishale mitatu ya familia moja, umaliziaji mmoja.

Kwenye Seiko zenye siku na tarehe, vuta ufunguo uzungushe siku. Kwa kawaida kuna lugha mbili, Kiingereza na nyingine: Kiarabu, Kifaransa, Kihispania au Kijapani. Lugha ya pili inakudokeza saa ilikusudiwa soko gani. Yenye Kifaransa inaweza kuwa imevuka ziwa kutoka Kongo au imepita Burundi, na kwa saa inayotokea Kigoma hilo halishangazi. Lakini yenye herufi za Kijapani, ikiwa na hadithi ya kununuliwa dukani hapa nchini miaka ya 1970, iulize tena.

Hatua ya tano: bodi, ufunguo na kioo

Ukiona mgongoni "Stainless Steel Back" au, kwa Kifaransa, "Fond acier inoxydable", usisome haraka. Maandishi hayo yanasema mfuniko peke yake ndio wa chuma kisichoshika kutu. Sehemu nyingine ya bodi kwa kawaida ni shaba ya njano iliyopakwa kromu au dhahabu. Angalia ncha za masikio na ubavu unaogusana na jasho. Rangi ya njano ikichungulia chini ya kromu, hivyo ndivyo inavyozeeka, siyo feki. Bodi ya namna hiyo ikiwa inang'aa kila kona bila kovu, imepakwa upya.

Kwa dhahabu, "20 Microns" ni unene wa dhahabu iliyopakwa. Dhahabu nzima huonyeshwa kwa namba kama 750, 585 au 375, ambazo ni karati 18, 14 na 9. Usimlipe mtu bei ya dhahabu kwa saa ya maikroni.

Bodi za chuma hasa huuawa na kupigwa msasa. Kiwandani bodi ilikuwa na kona kali, na mpaka ulio wazi kati ya sehemu inayong'aa na ile yenye mistari. Msasa huzila kona mpaka masikio yanakuwa ya mviringo kama sabuni iliyotumika. Mikwaruzo ya maisha ya mtu haipunguzi kitu. Msasa ndio unaopunguza.

Ufunguo na kioo havinisumbui sana, kwa kuwa vilitengenezwa ili vibadilishwe. Bado vinaongeza ushahidi. Ufunguo wa Omega una alama ya Ω, na vioo vyake vya asili vya plastiki vina alama hiyohiyo, ndogo mno, imechongwa katikati kabisa. Inamisha saa kwenye mwanga na lenzi jichoni, utaiona.

Hatua ya sita: fungua mgongo

Usinunue saa ya bei kubwa bila kuona ndani. Muuzaji akikataa kabisa, hata mbele ya fundi anayemchagua yeye, mshukuru uondoke. Hiyo ni kuuziwa mbuzi kwenye gunia. Na usifungue mwenyewe kwa kisu cha jikoni. Mikwaruzo mirefu unayoiona mgongoni mwa saa nyingi ilitokana na hilo. Baadhi ya bodi, kama zile za Roamer zisizopitisha maji, hufunguka kwa njia yake, na asiyezijua huzivunja.

Kwa Seiko kazi ni nyepesi na tamu. Mgongoni kuna namba mbili za tarakimu nne zenye kistari katikati: nne za kwanza ni mashine, nne za pili ni bodi. Namba ya mashine imechapwa pia kwenye mashine yenyewe, na uso wake una msimbo wake. Vyote vitatu vinatakiwa vikubaliane. Kisha kuna namba ya mfululizo: tarakimu ya kwanza ni ya mwisho ya mwaka, inayofuata ni mwezi, 1 hadi 9, halafu O kwa Oktoba, N kwa Novemba, D kwa Desemba. Kwa hiyo 8N ni Novemba ya mwaka unaoishia na 8. Muongo gani, yaani miaka kumi ipi? Hapo utumie akili: 7009 inaweza kuwa ya 1978 au 1988, ila haiwezi kuwa ya 1968. Neno la maji nalo husaidia. Hadi karibu mwaka 1970 Seiko waliandika "Waterproof", baadaye wakaandika "Water Resist". Mgongo wa "Water Resist" kwenye saa ya mwaka 1965 umeazimwa.

Kwa Omega, namba ya mfululizo imechapwa kwenye mashine. Milioni 10 ni karibu mwaka 1944, milioni 20 ni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Mashine za enzi hizo zina rangi ya shaba nyekundu inayovutia, jina limechongwa, namba ya mashine ipo. Ndani ya mfuniko kuna namba ya modeli, na kuanzia mwaka 1962 namba hiyo inazungumza. Modeli inayoanza na 166 ni ya kiume, inajijaza yenyewe, haipitishi maji na ina tarehe. Inayoanza na 165 ni hivyohivyo bila tarehe. Ukikuta mfuniko wa 166 na uso hauna kidirisha cha tarehe, huna haja ya kuuliza mtu.

Kwa saa nyingi nyingine za Uswisi usishtuke ukikuta alama za AS, ETA au FHF zilizogongwa karibu na gurudumu linalocheza kwenda na kurudi. Hivyo vilikuwa viwanda vya kuuzia kampuni nyingine mashine, na saa halali kabisa zilizitumia. Roamer walitengeneza zao, zenye alama ya MST. Linalonishtua mimi ni mashine ndogo iliyokaa ndani ya bodi kubwa kwa kushikiliwa na pete ya plastiki mahali ambapo pangekuwa na chuma, au skrubu zilizochubuka vichwa vyote.

Sasa rudi kwenye daftari, kwenye yale madai ya uso. Hesabu ya mawe ipo kwenye mashine? Incabloc iliyotajwa ipo, ile spring yenye umbo la kinubi juu ya mhimili? Uso na mashine vikipingana, moja si ya nyumbani.

Kabla hujafunga, geuza mfuniko, umulike kwa tochi kwa kuinamisha. Utaona maandishi yaliyokwanguliwa kwa sindano: herufi za jina, namba, mara nyingi tarehe. Ni mafundi walioihudumia saa, kila mmoja akiacha alama yake ili ikirudi ajue alifanya lini. Watu huziona kama uchafu. Hizo ndizo kumbukumbu za saa yako, zipige picha.

Neno moja kuhusu Rolex, kwa kuwa kila mwezi kuna mtu ananiletea. Za zamani zina namba zilizochongwa ubavuni mwa bodi kati ya masikio, modeli upande wa namba 12 na mfululizo upande wa 6. Huzioni mpaka cheni itolewe. Mgongo wa kioo unaoonyesha mashine kwenye Rolex ya zamani ni jibu tosha.

Hatua ya saba: isikilize

Weka saa sikioni, kisha tazama mshale wa sekunde. Ukiruka mara moja kila sekunde, karibu kila mara hiyo ni saa ya betri. Saa ya mashine kwa kawaida hugonga mara 5, 6 au 8 kwa sekunde kulingana na mashine yake. Ipo programu ya simu inayosikiliza mlio kwa kinasa sauti na kuchora mstari. Mstari ulionyooka ni afya, uliotawanyika ni mafuta yaliyokauka au mhimili uliolika. Saa isiyotembea vizuri lakini vipande vyake vinakubaliana, mimi naichukua. Fundi atasafisha mashine. Hawezi kusafisha uongo.

Cha kusamehe na cha kutosamehe

Nasamehe kioo, mpira wa kuzuia maji, kamani, mkanda, na ufunguo usio wake. Mishale iliyobadilishwa napunguza bei sana. Uso uliopakwa upya, mashine ya saa nyingine, au bodi iliyolika kwa msasa, siichukui kwa ajili ya kuhifadhi hata kwa bei ya kuku. Mtu akitaka saa ya kuvaa kazini tu, mseto unaotembea vizuri haumdhuru, mradi ameambiwa ni mseto na amelipa bei ya mseto.

Na upande wa pili pia upo. Ukiijua saa kuliko mwenye kuiuza, na mwenye kuiuza ni mjane anayetafuta ada ya mjukuu, mwambie thamani yake ya kweli kabla hajataja bei. Nimekosa saa nzuri kwa kufanya hivyo, na ningefanya tena.

Baada ya kuipata

Usiioshe. Usiipige polishi. Spea yoyote inayotolewa, idai, uiweke kwenye bahasha yenye namba ya saa. Mshale uliokunjika leo unaweza kunyooshwa kesho. Wa Kigoma, unyevu wa ziwa hauwapi nafasi: hifadhini kwenye kopo linalofunga vizuri pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja kwenye viatu vipya. Kila saa iwe na ukurasa wake kwenye daftari: namba zote, picha ya uso, mgongo, mashine, na ndani ya mfuniko.

Mwaka juzi bibi mmoja aliniita nikaitazame saa ya marehemu mume wake, aliyekuwa gadi wa treni. Seiko 7009, namba ya mfululizo inaanza na 8N. Uso ulikuwa umegeuka rangi ya asali upande mmoja, msimbo wake wa chini ulisomeka 7009, mawe 17 usoni na 17 ndani, mishale na alama zimefifia sawasawa. Bibi alisema mzee aliinunua mtoto wao wa pili alipozaliwa. Wanawe walimbishia, wakidai ni ya 1988, kwa kuwa ndiyo saa waliyoikumbuka. Fundi alipogeuza mfuniko, palikuwa na herufi mbili na "3/84" zilizokwanguliwa kwa sindano. Saa iliyohudumiwa Machi 1984 haiwezi kuwa imetengenezwa 1988. Ilikuwa Novemba 1978, na mtoto wa pili alizaliwa mwaka 1979.

Bibi aliishika kimya, kisha akasema hauzi tena. Fundi akaisafisha mashine, akabadilisha mpira, na kabla ya kufunga akachukua sindano akaandika tarehe ya siku ile chini ya ile ya mwenzake.